Setilaiti za wanafunzi zinakuja, na zinahitaji wasikilizaji wa ikweta

Chukua tepu ya chuma ya fundi seremala, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kasha lake. Ikate vipande, uvifunge kwenye bomba la plastiki la maji kwa vipimo sahihi, na tayari una antena ya kupokelea setilaiti. Chuma cha namna hiyohiyo hupanda angani pia. Setilaiti nyingi ndogo zinazojengwa vyuoni hukitumia kwa antena zake, kwa sababu hukunjika bila kuvunjika na kikiachiwa hujinyoosha. Wakati wa safari antena hizo hufungwa kwa uzi wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki. Setilaiti ikishaachiwa angani husubiri angalau dakika 30, kisha waya mdogo unapata moto, unakata uzi, na antena zinafunguka.

Uzi usipokatika, setilaiti ni bubu, na zipo zilizoishia hivyo, hazikusikika hata siku moja. Ndiyo maana saa za kwanza ni za wasiwasi mkubwa kwa wanafunzi waliokaa miaka miwili au mitatu wakiuchomelea mtambo wao kwa mikono. Tena wao wenyewe mara nyingi hawawezi kuusikia, kwa kuwa wakati huo unapita upande mwingine wa dunia. Wanaoweza kuwaambia kwamba mtambo wao uko hai ni watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaotumia redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, walioko huko unakopita.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1961, OSCAR 1, setilaiti ya kwanza ya redio ya ridhaa, ilirushwa kutoka California ikiwa abiria kwenye roketi iliyobeba mzigo mwingine. Ilikuwa na uzito wa kilo 5 hivi na ilirudia jambo moja tu kwa alama za Morse: nukta nne, kisha nukta mbili, yaani herufi H na I. Lakini kasi ya alama hizo ilibadilika kufuatana na joto lililokuwamo ndani yake, kwa hiyo mtu mwenye redio na saa ya mkononi aliweza kupima joto la chombo kilichoko angani. Katika siku 22 za uhai wake, wasikilizaji zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa.

Mwaka 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, waliitegemea njia hiyo moja kwa moja. Setilaiti yao, Delfi-C3, iliyorushwa kutoka India tarehe 28 Aprili, haikuwa na betri wala mahali pa kuhifadhi data. Ilizungumza pale tu ilipoangaziwa na jua, na kisichosikika wakati huohuo kilipotea. Basi wakawagawia wasikilizaji programu ya kompyuta ya kuzipokea data na kuwarudishia kwa intaneti.

Hapa ndipo nafasi yetu ilipo. Setilaiti ya namna hii huzunguka dunia kwa dakika 90 na ushei, na kila inapopita juu yako husikika kwa dakika 10 hivi. Vituo vingi vya kujitolea viko Ulaya na Marekani. Ikishuka kutoka Uarabuni kuelekea Bahari ya Hindi, inapita juu ya eneo kubwa lenye masikio machache mno. Na inayopita juu ya ncha za dunia hutufikia sisi wa ikweta mara chache kwa siku kuliko inavyowafikia watu wa kaskazini, hivyo kila mpito tunaousikia una thamani.

Wala si mambo ya wageni. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilifuata njia hiyo tarehe 2 Desemba 2022, baada ya kujengwa na wahandisi vijana wa Uganda wakiwa Japani. Setilaiti zinazoachiwa kutoka kituoni hushuka polepole na kuungua baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, kwa hiyo ukichelewa, umeikosa.

Zinazokuja unaweza kuzijua mapema. Mradi wa kutumia masafa ya redio ya ridhaa huomba kwanza uratibu kwa umoja wa kimataifa wa wanaridhaa, IARU, ili setilaiti zisiingiliane, na maombi hayo huwekwa hadharani. Utakuta jina la chuo, masafa, aina ya mawimbi, na mara nyingi muda wa kurushwa unaotarajiwa. Muda huo usiushike sana, kwani roketi huahirishwa mara kwa mara. Shika masafa. Nyingi huwa kati ya 435 na 438 MHz.

Kwa kupokea, kifaa kidogo cha USB kilichobuniwa awali kwa ajili ya televisheni kinatosha, pamoja na kompyuta na ile antena ya tepu. Kwenye skrini utaona mstari unaopinda. Setilaiti inapokujia, masafa huonekana juu kwa takriban kHz 10, na inapokuacha hushuka chini kwa kiasi hichohicho, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Usiufute mstari huo. Roketi moja huweza kuachia setilaiti makumi kwa pamoja, na siku za mwanzo haijulikani ipi ni ipi. Pale mstari unapopinda kwa kasi zaidi ndipo setilaiti ilipokuwa karibu nawe kuliko wakati wote, na kwa kulinganisha mistari ya wasikilizaji mbalimbali, wanafunzi huitambua yao.

Kusikiliza ni hatua ya kwanza. Ukitaka kurusha mawimbi ni lazima uwe na leseni: Tanzania kutoka TCRA, Kenya kutoka Mamlaka ya Mawasiliano.

Jambo moja huwatatiza vijana wetu kila mara, nalo ni saa. Taarifa huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na sisi tuna mahesabu mawili ya kufanya. Saa tatu usiku ya Kiswahili ni 21:00 kwenye simu, na ni 18:00 UTC. Ukikosea hapo, rekodi nzuri kabisa itamwendea mtu ikiwa haimfai. Andika pia mahali ulipo, masafa, na muda ulioanza na uliomaliza kusikiliza. Kama hukusikia chochote, tuma hivyo hivyo. Mwanafunzi anayejiuliza kama uzi ulikatika anahitaji kujua kwamba saa fulani, juu ya Tanga au Mombasa, kulikuwa na mtu anasikiliza na palikuwa kimya.