Mfuko wa kangaruu si mbeleko

Wengi huchora kangaruu yeyote akiwa na mfuko tumboni, hata dume mwenye misuli ya bondia. Dume hana mfuko. Ni wa jike tu, na kazi yake si kubebea mtoto aliyechoka kutembea, ingawa hilo nalo hutokea baadaye.

Kangaruu mwekundu wa Australia hubeba mimba kwa siku 33 hivi. Anayezaliwa hafiki hata gramu moja: kitu cha waridi, kipofu, kipara, ukubwa wa harage. Miguu ya nyuma bado ni vijinundu tu, lakini mikono ina kucha. Basi hujivuta kwa mikono hiyo, akipenya manyoya ya mama hadi mfukoni, na mama hamshiki wala hambebi. Humo hudaka chuchu, nayo huvimba kinywani mwake asiachie kwa miezi kadhaa.

Yaani ukuaji ambao kwa mbuzi hukamilika tumboni, kwa kangaruu hufanyika mfukoni, kwenye ngozi tupu yenye joto. Anapochungulia nje, na sisi tukadhani ndiyo kwanza kazaliwa, ana umri wa miezi mitano au zaidi.