Aliyesoma madrasa

"Mzee, mbona habari yangu haina tusi hata moja kwa Waislamu? Kila neno ni kweli." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na mwandishi kijana ninayempenda. Nimechoka kuisikia hoja hii.

Habari yake: kijana amekamatwa na bunduki. Aya ya kwanza inamtaja kuwa "aliyesoma madrasa". Nikamuuliza, na huyu mwizi wa ng'ombe wa ukurasa wa nne, mbona hukuandika kama alibatizwa? Akanyamaza.

Madrasa, ambayo Pwani tunaiita chuo, ndipo mtoto wa miaka sita anaposhika juzuu na kuanza alifu, bee, tee. Watoto wetu wengi mno wamepita hapo. Kumwambia msomaji kwamba mtuhumiwa alisoma madrasa ni kama kumwambia alinyonyeshwa: ni kweli, na hakuelezi bunduki imetoka wapi. Lakini msomaji akikuta madrasa na bunduki katika sentensi moja, leo, kesho na mtondo, mwisho vinagandana kichwani mwake. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015, na kuua watu 148, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hatukuanza kuandika "aliyesoma sheria" kila anapokamatwa mtu.

Picha za maktaba nazo, zile za zamani tunazozitumia tena: mama aliyevaa buibui akienda sokoni asiwekwe kwenye habari ya ugaidi. Basi.

Ila wanaotaka dini isitajwe kabisa siwezi kuwafuata. Desemba 2015, karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Wapo waliowapa wenzao hijabu wajisitiri. Mmoja wa abiria hao Waislamu, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Ondoa dini, habari hiyo haieleweki. Na wauaji niwaiteje? "Waislamu wenye itikadi kali" linawapa jina lile lile la mwalimu Salah. Mimi huandika "al-Shabaab" tu. Lakini wenyewe hudai wanapigania Uislamu, na kuna usiku najiuliza kama sijamficha msomaji jambo. Neno la kuniridhisha sijalipata.

Jana kijana amerudi na ukurasa. Madrasa ameitoa, nafasi yake ameweka aina ya bunduki na nyumba ilimokutwa. Nimemrudisha akaulize ni nani aliyeiuza.