Je, wajua kwa nini faili la kanzidata huharibika likifunguliwa na watu wengi?

Ofisi nyingi ndogo huanza hivi: mtu mmoja anatengeneza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa katika majedwali, kwa programu ya Microsoft Access kwenye kompyuta yake, wenzake wanaiona, wanaitaka. Anaiweka kwenye folda ya pamoja na kila mmoja anaifungua akiwa mezani kwake. Mambo yanakwenda vizuri, mpaka siku unapotokea ujumbe kwamba faili halitambuliki. Lawama zote zinaiangukia kompyuta inayolihifadhi.

Mara nyingi inasingiziwa. Kompyuta hiyo haijui hata kwamba ndani ya faili lile kuna majedwali. Kwake ni faili tu, sawa na picha au barua. Kutafuta, kupanga na kuandika hufanywa na Access iliyo kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Ukimtafuta mteja mmoja, kompyuta yako inavuta vipande vya faili kupitia mtandao, kilobaiti 4 kila kimoja: kwanza vya faharasa (orodha inayoonyesha rekodi iko wapi), kisha chenye rekodi yenyewe. Ukiingiza rekodi mpya, vipande kadhaa hubadilika kwa pamoja na vyote havina budi kufika. Mawasiliano yakikatika katikati, jedwali linaweza kuwa limeandikwa na faharasa bado. Faili limeshavurugika, na atakayelifungua baadaye ndiye atakayekumbana na balaa.

Ndiyo maana Wi-Fi haifai kabisa kwa kazi hii. Laptopu iliyofunikwa ikasinzia huku faili liko wazi inatosha kuleta hasara. Tumia waya.

Watumiaji hawagongani vipi basi? Chungulia folda hiyo watu wakiwa kazini: kando ya faili la kanzidata, tuseme Stoo.accdb, utakuta kifaili Stoo.laccdb. Hilo ndilo faili la kufuli, linaloiwezesha Access kujua rekodi zipi zimefungwa na nani. Kila anayeingia huandikwa humo kwa baiti 64, jina la kompyuta na jina la mtumiaji. Ukilifungua kwa Notepad utayasoma, ingawa jina la mtumiaji aghalabu ni Admin kwa wote, kwa hiyo lenye msaada ni la kompyuta. Wa mwisho akitoka, kifaili kinafutwa. Kwa sababu hiyo kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kuunda na kufuta mafaili ndani ya folda, si kusoma na kuandika tu. Mafundi wengi husahau hili, kisha wanashangaa mbona mtu wa pili anazuiwa kuingia.

Dawa ya kwanza ni kuigawa kanzidata. Majedwali yanabaki kwenye folda ya pamoja. Fomu na ripoti zinakuwa faili la pili, na kila mtu anapewa nakala yake kwenye kompyuta yake. Access ina kitufe cha kufanya hivyo. Usijaribu kuyaweka majedwali hayo Dropbox au OneDrive: huduma hizo husafirisha nakala ya faili zima, na wawili wakiandika kwa wakati mmoja mnaishia na mafaili mawili yasiyolingana.

Microsoft inataja kikomo cha watumiaji 255 kwa pamoja na GB 2 kwa faili. Hiyo 255 mimi siichukulii kwa uzito. Ofisi yenye watu kadhaa wanaoandika kutwa nzima inahitaji seva ya kanzidata kama PostgreSQL, MySQL au SQL Server. Hapo mtumiaji haligusi faili kamwe, kama vile mteja wa benki asivyoingia chumba cha fedha: anatuma ombi, na programu moja tu ndiyo inayosoma na kuandika. Mtandao ukikatika kabla ya badiliko kukamilika, seva inalifuta badiliko lile na data inabaki ilivyokuwa.

PostgreSQL ni ya bure, na SQL Server ina toleo la bure la Express, ambalo katika SQL Server 2022 linaruhusu GB 10 kwa kila kanzidata. Fomu zenu za Access hazitupwi. Zinaunganishwa na seva kwa ODBC, njia ya kawaida ya kuunganisha programu na kanzidata, na watu wanaendelea kutumia skrini walizozizoea.