Je, wajua kwa nini rangi ya mwanamichezo hutajwa anaposhinda?

Kwenye vibanda umiza vya Kirumba au Igoma hapa Mwanza, ubishi huu hauchelewi kuzuka mtangazaji akishatamka "mweusi wa kwanza". Mmoja atauliza: kwani amekimbia kwa rangi au kwa miguu? Mwingine atasema Wazungu wanapenda kugawa watu. Kwa Mtanzania kero hiyo ina mizizi. Tumekuzwa tukijua kuwa kuulizana kabila hadharani si ustaarabu, na sensa ya mwisho iliyouliza kabila nchini ni ya 1967.

Je, kutaja rangi kunagawa? Wakati mwingine ndiyo. Kinachoamua ni kama palikuwa na uzio: kanuni, desturi au sheria iliyowazuia watu wa rangi hiyo kuingia uwanjani. Kama ulikuwepo, rangi ni sehemu ya habari. Kama haukuwepo, neno limening'inia tu, na hapo ndipo huanza kuuma.

Tuanze na gofu, maana huko uzio uliandikwa kwenye karatasi. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, PGA, kiliweka mwaka 1934 kipengele cha kuwapokea watu weupe peke yao. Kipengele hicho kilifutwa 1961. Kwenye mashindano makubwa ya gofu ya Masters, yanayochezwa klabu ya Augusta huko Marekani, mweusi wa kwanza kucheza alikuwa Lee Elder, mwaka 1975, na klabu yenyewe ilipata mwanachama mweusi wa kwanza 1990. Miaka saba baadaye Tiger Woods, akiwa na umri wa miaka 21, akashinda hapo hapo kwa tofauti ya mikwaju 12. Ukisimulia ushindi huo bila rangi, umesimulia nusu. Ila Woods mwenyewe, ambaye mama yake ni Mthai, hakupenda kubanwa kwenye neno "mweusi" peke yake. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu jina la asili, angalia yeye anajiitaje.

Kuogelea kuna somo jingine, la usahihi. Agosti 2016 mjini Rio, Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada waligusa ukuta pamoja katika mita 100 mtindo huru, wote kwa sekunde 52.70, na wote wakapewa dhahabu. Habari za Oleksiak zilitaja umri wake, miaka 16. Za Manuel zilitaja rangi, kwa sababu mabwawa mengi ya Marekani yalikuwa yamefungwa kwa weusi kwa miongo mingi; mwaka 1964 huko St. Augustine, Florida, mwenye hoteli alimwaga asidi kwenye bwawa ili kuwatoa waandamanaji waliokuwa wakiogelea, weusi kwa weupe. Vizazi vikikosa bwawa, watoto hukua bila kujua kuogelea, kisha watu wanatunga uongo kwamba mifupa ya weusi ni mizito. Hapa ziwani wapo wavuvi wa miaka mingi wasiojua kuogelea, na hakuna mwenye akili anayetafuta sababu kwenye mifupa yao.

Kosa linalojirudia ni kumwita Manuel "mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya kuogelea". Siyo. Anthony Nesty wa Suriname alishinda mita 100 kipepeo mjini Seoul mwaka 1988, akimzidi Matt Biondi kwa sekunde 0.01. Manuel ni mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea. Ni maneno mengi, lakini ukiondoa moja tu umemnyang'anya mtu mwingine medali yake. Manuel naye alisema angependa ifike siku asiitwe "muogeleaji mweusi", kwani jina hilo linaonekana kama kushangaa kwamba ameweza. Maneno hayo yasisikike kama ya kukana asili yake. Analalamikia uzio unaoendelea kutajwa kila anaporuka majini.

Tatizo kubwa zaidi ni rangi inapogeuzwa kuwa sababu ya ushindi. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa utangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kubwa za Ulaya. Wachezaji wenye ngozi nyeupe walisifiwa zaidi kwa akili na bidii. Wenye ngozi nyeusi kwa nguvu na kasi. Hakuna aliyetukanwa hapo, lakini mazoezi ya miaka yamefutwa na kuitwa maumbile. Na sisi tunayafanya: "Wakenya wana damu ya kukimbia." Damu haiamki alfajiri kwenda mazoezini.

Jaribio jingine ni la siku ya kushindwa. Julai 2021, baada ya Rashford, Sancho na Saka, wachezaji weusi wa England, kukosa penalti kwenye fainali ya Euro, matusi ya rangi yalimiminwa mitandaoni usiku ule ule. Mesut Özil, mchezaji wa Ujerumani mwenye asili ya Uturuki, alikuwa ameshasema 2018 kwamba akishinda ni Mjerumani, akishindwa ni mhamiaji.

Tusijidanganye kwamba kutaja rangi ni ugonjwa wa wengine. Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3:32.2, akabaki nyumbani, na dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand. Katiba yetu nayo, Ibara ya 13(5), inataja rangi na kabila waziwazi ili kueleza kubagua ni nini. Huwezi kukataza jambo usilolitaja.

Anayeandika habari za michezo kwa redio au ukurasa wa klabu hapa Mwanza afanye hivi. Aweke kwanza matokeo: muda, mabao, mpinzani. Kisha, kama anataka kutaja asili, ataje na uzio wake pamoja na mwaka, katika sentensi hiyo hiyo. Akishindwa kuutaja uzio huo, afute neno. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita upande wa Mara, alipopata medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, rangi isingeongeza kitu. Habari ilikuwa ushindani wa sekunde isiyotimia.

Na akitokea muogeleaji wa Ukerewe akafika Olimpiki? Ziwa halijawahi kumfungia mtu kwa rangi. Lakini halina ukuta wa kujigeuzia kila baada ya mita 50, halina saa, na lina kichocho. Hapo uzio ni bwawa, nauli na kocha, na hayo ndiyo ya kuandika.