Maana ya kitenzi "twitch" katika Kiingereza

"Twitch" ni kitenzi cha kutaja mtikisiko mdogo wa ghafla katika sehemu moja ya mwili, ambao kwa kawaida mwenyewe hakuukusudia. Kope inapocheza kwa sababu ya uchovu au kahawa nyingi, Kiingereza husema: "My eyelid is twitching." Hutumika pia kwa midomo, vidole, misuli ya paja, pua ya sungura na mkia wa paka.

Mtikisiko ukienea mwili mzima, neno hili halifai tena. Kutetemeka kwa baridi ni "shiver", kwa hofu ni "tremble". Mshtuko mkubwa wenye nguvu ni "jerk". Kufumba na kufumbua macho ni "blink". Wengi huchanganya "twitch" na "fidget", na hapo maana hupotea kabisa, kwa kuwa "fidget" husemwa juu ya mtu asiyetulia kitini, anayechezea kalamu au kubadilisha mkao kila mara. Msuli hau-"fidget".

Kosa linalojirudia zaidi ni kumfanya mtu kuwa mtendaji. "I twitched my eye" humfanya msikilizaji adhani ulilichezesha jicho kwa makusudi. Kiungo chenyewe ndicho kiwe kiima: "My eye twitched." Kwa wanyama, hata hivyo, yambwa (kinachotendwa) hukubalika bila shida: "The rabbit twitched its nose."

Angalia pia wakati. "The cat's tail twitched" kwa kawaida hueleweka kuwa mkia ulicheza mara moja. "Was twitching" au "kept twitching" huonyesha kuwa uliendelea kucheza. Ukiongeza "at", maana huwa kuvuta kidogo kwa ghafla: "She twitched at his sleeve", yaani alimvuta mkono wa shati.

Nafsi ya tatu umoja huchukua -es: "twitches". Wakati uliopita ni "twitched", nao hutamkwa kwa silabi moja inayoishia na sauti ya t. Usiongeze irabu mwishoni, wala usilichanganye neno hili na "twist", kusokota, au "switch", kubadilisha.

Nomino ni "a twitch". Kivumishi "twitchy" kimekwenda mbali kidogo na misuli: mtu "twitchy" ni mwenye wasiwasi, anayeshtuka kwa jambo dogo. Uingereza, "twitcher" ni mpenzi wa ndege anayesafiri kwenda kumwona ndege adimu mara tu anaposikia ameonekana mahali.