Duara Juu ya Turubai: Kuchora Hora ya Kijiji cha Romania

Ninapofundisha namna ya kupanga watu wengi katika picha moja, huanza na hora, ngoma ya duara ya vijiji vya Romania. Wachezaji hushikana mikono, viwiko vikiwa vimekunjwa na viganja vikiwa usawa wa mabega, wakapiga hatua za mbele na za nyuma huku mviringo wote ukisogea polepole. Mtazamaji aliyesimama uwanjani, hata hivyo, haoni duara bali duaradufu iliyobanwa: walio karibu naye wamempa mgongo, na wale ambao nyuso zao zinaonekana wako mbali, tena ni wadogo.

Njia rahisi ni kuacha pengo upande wa mbele, jambo lisilokiuka desturi, kwa kuwa duara hufunguka kila anapoingia mchezaji mpya. Mimi napendelea picha inayobakiza migongo, maana humweka mtazamaji mahali pa mtu anayesubiri kuingia.

Mavazi nayo humsaidia mchoraji. Blauzi ya wanawake, iitwayo ia, hutariziwa zaidi mabegani na mikononi, na kwa kuwa mikono imeinuliwa, tarizi hizo huwa mnyororo wa rangi unaozunguka picha nzima juu kidogo ya katikati ya miili. Kitambaa chenyewe ni cheupe, lakini juani mchoraji makini hatumii nyeupe tupu: upande wa kivuli huchukua samawati, na ule wa mwanga huchukua manjano hafifu.

Mchoraji wa Romania Theodor Aman (1831–1891), mmoja wa waanzilishi wa shule ya sanaa ya Bucharest mwaka 1864, aliichora hora zaidi ya mara moja. Ile ya mji wa Craiova, ya mwaka 1857, inahusu kuungana kwa Moldavia na Wallachia, nchi mbili ambazo muungano wao ulizaa Romania, ingawa muungano wenyewe ulipatikana mwaka 1859. Mikono iliyoshikana ilikuwa bado dai la kisiasa. Hata hivyo, ngoma hiyo huongozwa na fidla, na wapigaji wake wengi walikuwa Waroma (jamii ya Wajipsi, si watu wa Roma), ambao utumwa wao ulifutwa Wallachia mwaka 1856 tu. Katika picha yoyote ya hora ya enzi hiyo, mimi huwatafuta wao kwanza, kisha hupima wamewekwa umbali gani kutoka kwenye duara.

Mwaka 1890, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Aman aliichora tena, safari hii ikiwa hora ya Aninoasa, ngoma ya kijiji tu.