Loki ya mfereji: jinsi boti inavyopanda mlima

Loki ni chumba cha mawe au matofali kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye milango mizito huku na huku. Kazi yake ni kuipandisha au kuishusha boti pale ardhi inapobadilika kimo.

Boti inayopanda huingia maji ya chumbani yakiwa chini, kisha mlango wa nyuma hufungwa. Msafiri mmoja hushuka na mpini wa chuma, akazungushia gia ili kufungua vilango vidogo vya upande wa juu. Maji humiminika ndani, boti ikainuka nayo. Yakishalingana na ya juu, mlango husukumwa kwa kuegemea boriti yake ndefu. Kabla ya hapo haufunguki hata wasukume watu kumi, kwa kuwa uzito wa maji umeubana. Hakuna pampu wala injini katika kazi hiyo yote, na kwangu huo ndio uzuri wake.

Katikati ya Uingereza loki nyingi zina upana wa futi 7 hivi tu, kipimo kilichoenezwa na mhandisi James Brindley kwenye mfereji wa Trent and Mersey, uliokamilika mwaka 1777. Ndiyo maana boti za huko ni nyembamba mno, ingawa urefu wake unaweza kufika mita 22. Zamani zilibeba makaa ya mawe na vyombo vya udongo zikivutwa na farasi. Leo ni makazi na boti za likizo. Katika kijiji cha Tardebigge huko huko zipo loki 30 mfululizo, zinazopanda mita 67.

Kila loki ikitumika, takribani lita 100,000 huteremka na hazirudi zenyewe. Kwa hiyo mabwawa yalijengwa sehemu za juu, na ukame ukizidi loki hufungwa. Ukikuta chumba kimeshakaa tayari kwa boti inayokuja upande wa pili, isubiri ipite. Ukikijaza au kukimwaga kwa ajili yako, umepoteza maji bure.

Hatari kubwa iko wakati wa kushuka. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti kilichojitokeza ndani, na alama nyeupe ukutani huonyesha kinapoishia. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikikalia kizingiti hicho huku maji yanapungua, omo, yaani mbele yake, huinama na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Kaa mbele ya alama. Ikinasa, funga mara moja vilango vya chini, kisha fungua vya juu polepole.